Namna ya Kushusha Salfa na Aromatiki Kwenye Dizeli: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Weka chupa mbili za dizeli mezani. Ya kwanza imetoka moja kwa moja kwenye mnara unaotenganisha mafuta ghafi kwa joto: rangi yake ni ya chai isiyo na maziwa, na ukifungua kizibo harufu kali inakupokea kabla hujainamisha kichwa. Ya pili imepita kwenye kinu cha haidrojeni, chombo ambamo mafuta hukutana na haidrojeni juu ya kichocheo: inakaribia weupe wa maji na harufu yake ni hafifu. Macho na pua vimekwambia kweli, ila vimekwambia nusu. Hiyo ya pili inaweza kuwa na salfa miligramu 8 kwa kilo, au 80, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Inaweza pia kubeba aromatiki, yaani molekuli zenye pete za kaboni kama za benzini, robo nzima ya ujazo wake na bado iking'ara.

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha mtambo, wanaousanifu, na wanafunzi wanaojiandaa kuingia humo. Si wa kujaribu uani kwa pipa na kuni. Tunazungumzia haidrojeni ya moto chini ya presha kubwa, pamoja na gesi inayoua kwa pumzi chache.

Jambo moja ulishike tangu sasa, kwa sababu kila hatua itarudi hapo: salfa na aromatiki ni maadui wawili tofauti. Salfa hukimbia ukiongeza joto. Aromatiki hukimbia mwanzoni, kisha ukizidisha joto zinageuka na kurudi. Anayeendesha kinu akidhani anapigana na adui mmoja atapandisha joto kila ripoti ya maabara inapokuwa mbaya, na mwisho atapata dizeli yenye salfa ndogo, rangi ya manjano inayong'aa kijani, na kichocheo kilichochoka kabla ya wakati.

Hatua ya 1: Jua unakokwenda

Usiguse vali kabla hujaandika mezani namba unazozitafuta. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka salfa isizidi miligramu 10 kwa kilo, na sharti hilo limefunga barani humo tangu 2009. Marekani ilianza kuleta kikomo cha miligramu 15 kwa dizeli ya barabarani mwaka 2006. Kuhusu aromatiki, viwango vinatofautiana sana. EN 590 haihesabu aromatiki zote; inabana zile zenye pete nyingi zisizidi asilimia 8 ya uzito. California iliweka kikomo cha asilimia 10 ya ujazo kwa aromatiki zote, ikiruhusu michanganyiko mingine iliyothibitishwa kwa vipimo kuwa moshi wake hauzidi. Sweden ilikwenda mbali zaidi mapema: dizeli yake ya daraja la kwanza, iliyoanza mwaka 1991, ina salfa isiyozidi 10 na aromatiki zisizozidi asilimia 5.

Ukitazama namba hizo utaona kuwa mtambo wa kufikia EN 590 na mtambo wa kufikia daraja la kwanza la Sweden ni mitambo miwili tofauti. Wa kwanza unaweza kuwa na kinu kimoja. Wa pili, kwa malighafi nyingi, unahitaji hatua mbili zenye vichocheo viwili visivyofanana. Kosa la kutochagua mapema hulipwa kwa chuma na haidrojeni.

Kwa nini tunahangaika hivi? Salfa ikiungua huwa dayoksidi ya salfa, na sehemu yake huwa chembe za salfeti zinazotoka na masizi. Kibaya zaidi, inatia sumu vichocheo vilivyofungwa kwenye mabomba ya moshi ya magari ya kisasa. Aromatiki zenyewe ni mbegu za masizi, na huifanya dizeli iwe nzito kuwaka. Kipimo cha seteni, kinachoonyesha wepesi wa dizeli kuwaka yenyewe ikibanwa, kilipobuniwa kiliweka heksadekani kwenye 100, na kwenye sifuri kikaweka methailinafthalini, ambayo ni aromatiki ya pete mbili. Yaani waliotunga kipimo walipotafuta mfano wa mafuta yasiyotaka kabisa kuwaka kwenye injini ya dizeli, walichagua aromatiki. Siku hizi rejea ya chini ni kemikali nyingine yenye thamani ya 15, lakini somo la ile ya zamani bado liko pale pale.

Hatua ya 2: Isome malighafi kabla haijakusoma wewe

Dizeli ni sehemu ya mafuta ghafi inayochemka takriban kati ya nyuzi 180 na 370 za Selsiasi. Lakini si kila kinachochemka humo kina tabia moja. Mafuta ya mnarani, yaani yaliyotenganishwa tu kwa joto, huwa na aromatiki kati ya asilimia 20 na 30 hivi, na seteni nzuri. Mafuta ya mtambo wa koki, unaopasua mabaki mazito kwa joto kali, yana nitrojeni nyingi na vifungo viwili visivyotulia, vinavyotengeneza gundi vikigusana na hewa tangini. Yale mepesi yatokayo kwenye mtambo wa kupasulia kwa kichocheo ndiyo mtihani wenyewe: aromatiki zake zinaweza kuvuka asilimia 70, na seteni kushuka hadi karibu 20. Ukiongeza asilimia 15 tu ya mafuta hayo kwenye mchanganyiko, mahitaji yako ya haidrojeni yanabadilika kabisa, na joto linalozaliwa ndani ya kinu nalo linabadilika.

Sasa ingia ndani zaidi, kwenye molekuli. Salfa haikai mahali pamoja. Merkaptani na salfaidi huvunjika kirahisi, karibu zikiona haidrojeni tu. Thaiofini ni ngumu kidogo, benzothaiofini zaidi, na dibenzothaiofini zaidi tena. Kisha kuna ile inayowanyima watu usingizi: dimethaili-dibenzothaiofini ya nafasi ya 4 na 6. Hapo atomi ya salfa imekaa katikati ya pete mbili, na vikundi viwili vya methaili vimesimama mlangoni, kimoja kila upande, vikiizuia isiguse uso wa kichocheo. Haiondoki mpaka kwanza pete moja ishibishwe haidrojeni. Pete ikishiba inapinda, methaili zinasogea, na salfa inafikika.

Hapa ndipo vita viwili vinapokutana: ili uiondoe salfa ya mwisho inabidi ushibishe pete za aromatiki. Na nitrojeni, hasa ile ya aina ya kwinolini na karbazoli, inagombea nafasi hiyo hiyo kwenye kichocheo. Ndiyo maana malighafi mbili zenye salfa sawa zinaweza kuhitaji joto lililopishana kwa nyuzi 20.

Molekuli hizi ngumu zimejazana kwenye mkia wa mchemko, juu ya nyuzi 340. Kwa hiyo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote kiko nje ya kinu: ni sehemu unapokata mnarani. Ukishusha mwisho wa mchemko kutoka 370 hadi 355, unapoteza kiasi fulani cha dizeli kwenda kwenye mafuta mazito, lakini unapunguza sehemu kubwa ya salfa sugu, ya nitrojeni na ya aromatiki zenye pete tatu. Mimi huanza hapo kila mara. Nimeona timu zikijadili kununua kichocheo kipya wakati mnara wao ulikuwa umelegea, ukimwaga mkia wa mafuta mazito ndani ya dizeli bila mtu kuupima.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kinu

Watu huona kushusha salfa kutoka miligramu 500 hadi 10 kama jambo dogo, kwa sababu asilimia 95 ya salfa imeshaondoka. Hesabu inasema vingine. Kasi ya kuondoa salfa kwenye dizeli hukadiriwa vizuri kwa daraja la 1.5: unachukua moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha salfa ya mwisho, unatoa moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha salfa ya mwanzo. Anza na 10,000, yaani asilimia 1. Kwenda 500 unapata 0.035. Kwenda 50 unapata 0.131. Kwenda 10 unapata 0.306. Kwa joto lile lile na presha ile ile, basi, kutoka 500 hadi 10 kunadai kichocheo karibu mara tisa.

Hakuna anayejenga kinu mara tisa. Mzigo unagawanywa: kichocheo bora, kinu kikubwa zaidi kiasi, haidrojeni safi zaidi, na joto. Kila nyuzi 20 hivi huongeza kasi maradufu katika eneo tunalofanyia kazi, lakini nyuzi hizo hizo zinakula umri wa kichocheo. Mitambo mingi ya salfa ndogo hufanya kazi kati ya nyuzi 320 na 380, presha ya bari 40 hadi 80, na mafuta yakipita kwa ujazo mmoja hivi kila saa kwa kila ujazo wa kichocheo. Malighafi ikiwa chafu, punguza mwendo hadi nusu ya hapo.

Hatua ya 4: Chagua kichocheo, kipange, kisha kiamshe

Kuna familia mbili kuu, zote zimejengwa juu ya molibdeni kwenye alumina. Yenye kobalti hung'oa salfa moja kwa moja bila kugusa sana pete. Inatumia haidrojeni kidogo na inafaa presha ya chini. Yenye nikeli hushibisha pete kwanza. Ni bora kwa nitrojeni, kwa aromatiki na kwa salfa sugu, lakini inataka presha na inakula haidrojeni. Kinu chenye presha chini ya bari 40 na mafuta ya mnarani, weka kobalti. Kinu cha bari 60 na zaidi chenye mafuta yaliyopasuliwa, nikeli inakulipa. Katikati, watu hupanga matabaka ya zote mbili, na mpangilio huo si ubahili. Ukipangwa vizuri unafanya kazi kuliko kila moja peke yake.

Juu kabisa ya kinu weka tabaka la ulinzi: vipande vikubwa vyenye matundu, vya kunasa kutu na gundi, na vya kukamata silikoni itokayo kwenye dawa za kuzuia povu za mtambo wa koki. Silikoni ikifika kwenye kichocheo kikuu haitoki tena.

Kupakia ni kazi ya subira. Kichocheo kikimwagwa kwa mshazari au kikarundikana upande mmoja, mafuta yatatafuta njia nyepesi na kupita bila kuguswa. Kwenye salfa ya 500 kasoro hiyo haikuonekana. Kwenye 10 inaonekana siku ya kwanza. Sahani ya kugawia mafuta iliyo juu ya tabaka lazima ilale sawa kabisa. Pimeni kwa maji kabla ya kufunga, na mhesabu tundu kwa tundu.

Kichocheo kipya kikitoka kwenye pipa kiko katika hali ya oksidi, na hali hiyo haifanyi kazi. Kinaamshwa kwa salfa. Kausha kwanza, kisha loanisha kwa mafuta ya mnarani yasiyo na yaliyopasuliwa ndani yake, na ukifika karibu nyuzi 200 anza kuingiza dimethaili disalfaidi, kimiminika chenye salfa nyingi. Usivuke nyuzi 230 hivi kabla haidrojeni salfaidi haijatokeza upande wa pili wa kinu. Haidrojeni ya moto ikikutana na oksidi isiyo na salfa, metali hupungukiwa oksijeni na kuganda katika hali isiyoamka tena. Hilo ndilo kosa linaloweza kuua kichocheo cha miaka mitatu ndani ya saa chache.

Namna ya kujua kama kazi inaendelea ni kwenye maji. Kila oksidi inayogeuka salfaidi inatoa maji, nayo hukusanyika chini ya chombo cha kutenganishia. Mwachie mtu mmoja kazi hiyo tu: ayatoe, ayapime, aandike kila nusu saa. Maji yakikaribia kiasi kilichokadiriwa na salfaidi ikiwa imetokeza, pandisha taratibu hadi 320 au 340, shikilia saa kadhaa, umemaliza. Kisha kipe kichocheo mafuta ya mnarani peke yake kwa siku tatu hivi kabla ya kukionjesha yaliyopasuliwa. Kichocheo kipya kina uchu. Ukikilisha chakula kigumu siku ya kwanza kinajipaka kaboni.

Hatua ya 5: Endesha kwa haidrojeni, si kwa joto peke yake

Pandisha joto la chuma kwanza, ndipo upandishe presha. Kuta nene za vinu hivi, za chuma chenye kromu na molibdeni, zinaweza kupasuka kama kioo zikibebeshwa presha kamili zikiwa baridi. Mtengenezaji anatoa nyuzi za chini kabisa. Zibandike ukutani kwenye chumba cha udhibiti.

Kinachofanya kazi ndani ya kinu si presha inayosomeka kwenye saa ya presha. Ni sehemu yake inayobebwa na haidrojeni. Saa ikisoma bari 60 na gesi ya mzunguko, ile inayorudishwa kinuni tena na tena, ina haidrojeni asilimia 75, unacho kitu cha bari 45 tu kabla hujatoa mvuke wa mafuta. Ukiisafisha gesi hiyo hadi asilimia 90, umepata bari 54 bila kugusa chuma wala kompresa. Methani na ethani hujikusanya polepole kwenye mzunguko. Ama uzitoe kidogo kidogo, ama uongeze usafi wa haidrojeni inayoingia. Na gesi inayozunguka iwe nyingi, angalau mara tatu hadi tano ya haidrojeni inayoliwa, ili chini ya kinu, mahali salfa ya mwisho inapong'ang'ania, haidrojeni isiwe imeisha.

Mabadiliko haya yote hutoa joto. Mafuta yaliyopasuliwa yanaweza kupandisha tabaka moja zaidi ya nyuzi 30, na ndiyo maana kinu hugawanywa matabaka na kati yake hupulizwa gesi baridi. Jifunze kusoma vipimajoto vya mlalo mmoja: vikitofautiana zaidi ya nyuzi 5 au 6 kwenye kimo kimoja, mafuta hayagawanyiki sawa. Kuongeza joto hakutaponya hilo.

Kichocheo huchoka. Kila mwezi utahitaji nyuzi 1 au 2 zaidi kubaki kwenye salfa ile ile. Chora mchoro wa joto la wastani la kinu kila siku. Mstari ukipinda ghafla kwenda juu, tafuta kilichobadilika upande wa malighafi kabla ya kulaumu kichocheo.

Hatua ya 6: Gesi yenye sumu, chumvi na chuma

Salfa uliyoitoa haikupotea. Imekuwa haidrojeni salfaidi. Ikirudi kinuni na gesi ya mzunguko inapunguza kasi ya kuondoa salfa zaidi, kwa hiyo ioshwe kwa amini, kimiminika kinachoinasa, kisha amini ichemshwe iiachie, na gesi hiyo iende kwenye mtambo wa Claus ambako hugeuzwa salfa ya manjano inayouzika. Mtambo wa dizeli usio na mtambo wa Claus unaofanya kazi umehamisha tu uchafu kutoka mabomba ya magari hadi kwenye mwenge wa kiwanda.

Gesi hii inanuka mayai viza ikiwa kidogo sana, lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa, na ikizidi 500 mtu anaweza kuanguka ndani ya dakika. Harufu ikikatika, usidhani gesi imekwisha. Vaa kipimo kifuani, nenda wawili, na mwenzako akianguka usimkimbilie bila hewa ya chupa. Wengi waliokufa kwa gesi hii walikuwa waokoaji.

Nitrojeni nayo inageuka amonia, ikikutana na salfaidi kwenye baridi inakuwa chumvi inayoziba mirija ya vipoza hewa. Ingiza maji ya kuoshea kabla ya vipoza, mengi kiasi kwamba sehemu yake ibaki kimiminika mahali yanapoingia. Na haidrojeni ya moto hula chuma kutoka ndani bila alama ya nje. Tarehe 2 Aprili 2010 kibadilisha joto cha mtambo wa kusafisha nafta kwa haidrojeni kilipasuka kwenye kiwanda cha mafuta cha Anacortes, jimbo la Washington, wakafa wafanyakazi saba. Chuma kilikuwa kimedhoofishwa hivyo. Fuateni mistari ya Nelson, michoro ya kikomo cha joto na presha ya haidrojeni kwa kila aina ya chuma, katika kuchagua chuma, na msikae juu kabisa ya mstari.

Siku ya kufungua kinu ina hatari zake: kichocheo kilichotumika huwaka chenyewe kikiona hewa, hivyo hutolewa ndani ya nitrojeni, na nitrojeni humkosesha mtu hewa bila kumwonya. Kichocheo cha nikeli kikipoa chini ya nyuzi 200 hivi kukiwa na monoksidi ya kaboni kinaweza kutengeneza nikeli kabonili, sumu kali mno. Pima monoksidi hiyo kabla ya kupoza.

Hatua ya 7: Aromatiki, mahali joto linapokusaliti

Aromatiki hushiba kwa ngazi. Za pete tatu huwa za pete mbili kirahisi, za pete mbili huwa za pete moja kwa juhudi ya kati, na ile pete ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa hiyo mtambo wa kawaida wa salfa unaweza kukata aromatiki za pete nyingi hadi chini ya asilimia 8 huku jumla ya aromatiki ikishuka kidogo tu. Kwa EN 590 hiyo inatosha. Kwa kiwango cha Sweden haitoshi hata kidogo.

Na ushibishaji huu unaweza kurudi nyuma. Kwa presha ya kati, aromatiki hupungua ukipandisha joto hadi kufika kilele karibu na nyuzi 350 au 370. Ukipita hapo haidrojeni inaanza kung'oka tena na pete zinajirudisha. Ndiyo maana kinu kilichokaribia mwisho wa umri wake, kikiendeshwa juu ya 380, hutoa dizeli yenye salfa nzuri na rangi mbaya: ni aromatiki za pete nyingi zinazozaliwa upya chini ya kinu. Dawa yake ya haraka ni kupuliza gesi baridi zaidi juu ya tabaka la mwisho, ili mafuta yamalizie safari kwenye joto la chini. Dawa yake ya kudumu ni presha.

Ukitaka aromatiki za asilimia 5, jenga hatua ya pili. Hatua ya kwanza, ya nikeli na molibdeni, inashusha salfa na nitrojeni hadi karibu na sifuri. Kisha mafuta yanapita kwenye mnara wa kunyang'anya gesi, salfaidi na amonia zitoke zote. Ndipo yaingie kinu cha pili chenye platinamu na paladiamu, kinachofanya kazi kati ya nyuzi 250 na 320, upande ule wa joto ambao aromatiki hazirudi. Metali hizi zinaogopa salfa; nisingezilisha mafuta yenye zaidi ya miligramu 10, ingawa baadhi ya aina hustahimili kidogo zaidi.

Kabla ya kujenga, piga hesabu ya haidrojeni. Kung'oa salfa ya dibenzothaiofini moja kwa njia ya mkato kunahitaji molekuli 2 za haidrojeni. Kushibisha nafthalini moja kabisa kunahitaji 5, na aromatiki ni nyingi mara nyingi kuliko salfa. Haidrojeni inayotengenezwa kwa mvuke na gesi asilia hutoa takriban kilo 9 au 10 za dayoksidi ya kaboni kwa kila kilo yake. Kwa maoni yangu, kushibisha pete zaidi ya inavyodaiwa na kiwango ni kuhamisha moshi kutoka barabarani hadi kiwandani. Faida mnayopata ni seteni na ujazo: mafuta yanakuwa mepesi, na lita zinaongezeka.

Hatua ya 8: Namba ikigoma kushuka

Nitasimulia usiku mmoja. Salfa ilikuwa 14 na tulihitaji 8. Zamu iliyotangulia ilikuwa imepandisha nyuzi 3, ikapata 14. Sisi tukapandisha 3 nyingine, tukapata 13. Kinu kinachojibu hivyo kinakwambia kuwa tatizo haliko kwake, kwani nyuzi 6 zilipaswa kuonekana wazi. Tukapiga hesabu kwenye karatasi: malighafi ina salfa 10,000, kwa hiyo uvujaji wa sehemu moja tu kati ya elfu mbili unaongeza miligramu 5. Kibadilisha joto kilichopo kati ya malighafi inayoingia na mafuta yanayotoka kina mamia ya mirija. Mmoja ukiwa na ufa wa unywele, malighafi iliyo na presha ya juu inapenya kwenda kwenye mafuta safi.

Maabara ndiyo iliyokata shauri. Walitenganisha aina za salfa kwenye kromatografu, wakaona benzothaiofini. Molekuli hiyo nyepesi haiwezi kuvuka kinu ikiwa hai. Ukiiona kwenye dizeli iliyomalizika, haikupita kinuni, imeruka. Kama ingekuwa ile sugu ya 4 na 6 peke yake, tungelaumu kichocheo au njia za mkato ndani ya tabaka. Tukachukua sampuli moja kwa moja kwenye mdomo wa kinu: 7. Baada ya kibadilisha joto: 13. Tukashusha joto tulilolipandisha bure, na mtambo ukapangiwa kusimama kuziba mrija.

Hatua ya 9: Baada ya kinu

Nyang'anya gesi yote kwa mvuke, kisha kausha. Salfaidi ikibaki na mafuta yakaguswa na hewa tangini, inaweza kuwa salfa huru inayokula shaba. Kipimo cha kipande cha shaba kitakuonyesha.

Dizeli iliyosafishwa hivi imepoteza ulainishaji, na pampu za nozeli hulainishwa na mafuta yenyewe. Wengi husema salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha. Hasa ni viambato vya nitrojeni na oksijeni vilivyoondoka pamoja nayo. Ongeza kilainishi cha asidi za mafuta au esta, mara nyingi miligramu 50 hadi 200 kwa kilo, mpaka alama ya msuguano kwenye kipimo cha nyuzi 60 iwe chini ya mikromita 460. Umeme tuli nao hukaa zaidi kwenye dizeli safi kwa kuwa haipitishi umeme vizuri, hivyo weka dawa ya kuusafirisha na ujaze magari ya tangi polepole mwanzoni. Aromatiki zikishuka ghafla, pete za mpira kwenye pampu za zamani husinyaa na kuvuja. Waonye wateja mapema.

Kisha linda ulichokipata. Mafuta ya ndege yanaruhusiwa salfa hadi miligramu 3,000 kwa kilo. Lita moja yake iliyobaki kwenye bomba la pamoja, ikiingia kwenye lita elfu za dizeli yako ya 7, inakupeleka 10. Bomba, vali na tangi la dizeli safi viwe vyake peke yake; isipowezekana, tupa kichwa cha kila shehena kwenye tangi la daraja la chini.

Pima salfa kwa mwanga wa urujuanimno, si kwa mashine ndogo za eksirei za mezani zilizozoeleka enzi za 500. Hizo hazioni vizuri chini ya 20. Chupa ya sampuli isuuzwe mara tatu kwa mafuta yale yale, na bomba la sampuli liachwe litiririke kwanza, maana kilichomo humo ni dizeli ya jana. Kama utachukua namba moja tu kwa siku, ichukue tangini baada ya kuchanganya, juu, katikati na chini, kabla hujasaini cheti cha kuitoa.